Wakwe Juu ya Jukwaa

Vijana wa ofisi mmenipa saa ya ukutani na kunisomea hotuba ndefu. Nashukuru, ingawa miaka yote niliamka bila saa na sasa ndiyo kwanza sina pa kuwahi. Mmeniomba niandike jinsi kazi ya kukagua usalama kwenye majengo ilivyokuwa zamani, nami nitaandika. Vyeo na mishahara sitavitaja, kwa sababu cheo hakijawahi kuzuia tofali lisianguke, na mshahara nikiutaja hamtaniamini. Nitawaambia habari za ngazi, kamba, miti ya mirunda na watu.

Nilianza kazi Musoma nikiwa kijana mwembamba kutoka Nyegina, Mjita wa kuzaliwa, niliyesomeshwa na mapadre mpaka nikajua kuandika barua nzuri. Uhuru ulikuwa bado mpya. Wakaguzi wa Kizungu walikuwa wameondoka, wakatuachia kabati la kanuni zilizoandikwa kwa Kiingereza na kiti kimoja chenye miguu mitatu mizima. Kiti hicho alikikalia Bwana Mhando, mkaguzi aliyetoka pande za Tanga, mtu mfupi mwenye miwani minene na Kiswahili kilichonyooka. Mimi nilikalia kreti.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye ghala lililokuwa likijengwa karibu na ziwa. Nilidhani tutaanza kwa kusomeana kanuni, na nilikuwa nimezikariri usiku kucha. Bwana Mhando hakusoma kitu. Alisimama kando, akatazama miguu ya wafanyakazi kwa muda mrefu, nani ana viatu, nani anakanyaga misumari, nani anatembea kwa kunyata. Kisha akaenda kwenye ngazi ndefu iliyoegemezwa ukutani, akamwita msimamizi.

"Ngazi hii nzima?"

"Nzima kabisa, bwana mkubwa. Vijana wanaipandaga kila siku."

"Vema. Panda wewe kwanza, mpaka juu."

Msimamizi yule alikuwa na tumbo la haja. Aliitazama ngazi, akatutazama sisi, akairudia ngazi. Akasema anadhani kipandio cha katikati kimelegea kidogo. Akakuna kichwa, akasema na cha juu yake pia. Mwisho akasema kwa kweli ngazi hiyo wapewe akina mama wakapikie. Tulipokuwa tunarudi mjini Bwana Mhando aliniambia, "Kanuni wanaijua wote, bwana mdogo. Kazi yetu ni kumkumbusha mkubwa kwamba naye ana mifupa."

Neno lile, panda wewe kwanza, nimelitumia mpaka wiki niliyostaafu. Nimewaona kwa macho yangu wahandisi wenye digrii wakikumbuka ghafla kwamba wana kikao.

Bwana Mhando alikuwa na utani mwingi na Kiswahili chetu cha Mara. "Nilikuwaga ndiyo nini, Mafuru?" alikuwa akiniuliza. Nikamjibu kwamba ni nilikuwa, ila ya kila siku. Alicheka mpaka akavua miwani. Baadaye kidogo nilimsikia akiongea kwa simu na ndugu zake wa Tanga, akiwaambia kwamba huku Musoma yeye anakulaga samaki sato kila Jumapili. Nikajua ameshakuwa mwenyeji.

Kuhusu kofia ngumu, niwaeleze ukweli wote. Zililetwa maboksi kwa maboksi kutoka Dar es Salaam, za njano, zinang'aa, na tukazigawa kwa mikono miwili. Tulipokwenda kukagua, pale Nyakato tulimkuta kuku amelalia mayai ndani ya moja. Kule Bunda akina mama walikuwa wanazipimia ulezi sokoni, na walisema kipimo hicho hakidanganyi. Wavuvi walikuwa wanazikumbia maji kwenye mitumbwi. Kichwani tulizikuta chache, na wenye kuzivaa walituambia wamezivaa kwa sababu walisikia tunakuja. Bwana Mhando aliandika kwenye taarifa yake kwamba kofia zote zinatumika, na hakudanganya.

Lakini kazi hii ilikuwa na siku zake nyeusi. Kule Bunda palikuwa na jengo moja la kuhifadhia pamba, kuta zimeshafika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Saidia fundi mmoja, jina lake Bwire, alikuwa akibeba karai la udongo akipita chini ya jukwaa la kusimamia mafundi, njia aliyopita tangu jengo linaanza. Jiwe likamponyoka fundi wa juu. Tulipofika tulimkuta amefunikwa shuka, na mkewe ameketi pembeni, hajaanza hata kulia.

"Alikuwa anapitaga hapohapo kila siku," mafundi walituambia. "Haijatokeaga kitu."

Bwana Mhando alivua miwani akaifuta, na hakuivaa tena mpaka tulipofika Musoma. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa mama yangu kule Nyegina, nikala kwake, nikalala kwake. Tangu siku hiyo, katika kanuni zote za kabatini, niliishika zaidi ile ya kutopita chini ya jukwaa wakati watu wako juu. Mnaonicheka kwamba naipigia kelele kupita kiasi, sasa mmejua.

Bwana Mhando alihamishwa, nikabaki mimi na baiskeli, na Lendirova siku ambazo petroli imepatikana. Ndipo ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa. Kila mahali watu walikuwa wanajenga shule, ghala, zahanati. Serikali ilitoa simenti na mabati, wananchi walitoa mawe, mchanga na nguvu zao. Walijenga kwa kujitolea, huku wanaimba. Nawaambia vijana, hakuna mtu mgumu kumweleza habari ya kanuni kama anayejitolea huku anaimba. Mlipwa mshahara unamtisha. Huyu utamtisha na nini?

Kuna jambo moja inabidi nilieleze hapa, kwa sababu vijana wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu na kuwaomba chumvi. Zamani kwetu Mara haikuwa hivyo. Mwanamume na mama wa mke wake walistahiana sana. Hawakutazamana uso kwa uso, hawakushikana mikono, hawakula pamoja, na jina la mwenzake hakuna aliyelitamka. Mwanamume hapandi juu ya paa la mama mkwe wake, na mama hapiti chini ya miguu ya mkwe. Ilikuwa ni heshima, na wala haikuwa taabu, kwa sababu binti aliolewa huko ng'ambo ya kilima na wakwe wakakutana mara chache kwa mwaka, tena kwa kujulishana mapema.

Vijiji vya ujamaa vikawaleta wote pamoja. Nyumba zikapangwa kwa mistari, na mtu akajikuta mama mkwe wake anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, wanachota maji bwawa moja. Ungeweza kumwona mwanamume mzima, baba wa watoto, anaruka ghafla kutoka barabarani na kujitosa kwenye mihogo. Mgeni angedhani ni nyoka. Serikali ilipima viwanja vizuri sana, ila haikupima wakwe.

Katika kijiji kimoja upande wa Butiama walikuwa wanajenga zahanati yenye wodi ya wazazi. Fundi mkuu alikuwa Masatu, Mjita mwenzangu kutoka kando ya ziwa, mwashi hodari mwenye sauti kubwa na sifa nyingi, zote akijipa mwenyewe. Jukwaa lake lilikuwa la mirunda iliyofungwa kwa kamba za katani, na nililipenda. Lilisimama wima, mbao zake pana, mafundo yake yamekazwa. Tatizo lilikuwa chini. Akina mama wa kijiji walikuwa wanachota maji bwawani na kuyabeba kichwani mpaka mahali pa kuchanganyia zege, na njia yao ya mkato ilipita katikati ya miguu ya jukwaa. Walikuja mstari mmoja, wanaimba, ndoo kichwani, na juu yao mawe na miiko vinapita mkono kwa mkono.

Aliyeongoza mstari alikuwa Mama Nyangeta. Mwanamke mfupi, mkavu, anayetembea haraka. Binti yake, Nyangeta, alikuwa ameolewa hapohapo kijijini na kijana mrefu mpole aliyeitwa Magesa. Mimba ya kwanza ya Nyangeta ilipofika siku zake, walimbeba kwenye machela kuelekea Musoma, mvua inanyesha, na mtoto hakufika. Sasa alikuwa na mimba ya pili. Mama Nyangeta alikuwa ameapa mbele ya kijiji kizima kwamba mtoto huyu atazaliwa chini ya bati, na kila ndoo aliyobeba aliibeba kwa ajili hiyo.

Nilimsimamisha siku ya kwanza.

"Mama, shikamoo. Hapa si pa kupita."

"Marahaba. Na pa kupita ni wapi, mwanangu?"

"Zungukeni kule, nyuma ya rundo la kokoto."

"Wewe umewahi kubebaga ndoo kichwani?"

"Nilibebaga nikiwa mdogo, mama."

"Basi kichwa kimesahau. Kule ni mbali. Mtoto wangu tumbo limekua, wewe unanipimia njia."

Niliwakusanya, nikawasimulia habari za Bwire. Waliguswa, wakanipa pole, mmoja akafuta machozi. Kesho yake asubuhi walipita palepale, wakiimba kwa sauti ya chini kidogo kwa ajili ya marehemu.

"Mimi nimewaambiaga mpaka koo limekauka," Fundi Masatu alisema. "Hawanisikiagi hawa."

Baada ya kile kifo cha Bunda, wakubwa wangu walikuwa wametoa amri. Jengo lililoonywa, likikutwa tena na kosa lilelile, lifungwe, na simenti na mabati yake vipewe kijiji kingine. Vijiji vya kupewa vilikuwepo vingi, vimejipanga. Nilimwambia Mama Nyangeta wazi, mbele ya wenzake, kwamba nikirudi nikamkuta mtu yeyote chini ya jukwaa, nafunga kazi. Alinitazama, ndoo iko kichwani, hata haitikisiki.

"Ukifunga, mjukuu wangu atazaliwa barabarani. Utakuja kuandika na hiyo?"

Nilirudi Musoma na neno hilo. Nilijua nitakaporudi nitawakuta palepale, na sikujua nitafanya nini. Kufunga ningefunga, kwa sababu shuka la Bwire sikutaka kuliona mara ya pili. Lakini ningetazamana vipi na yule mama? Wiki ile nilikuwa mtu mbaya. Hata sato nilimwona mchungu.

Siku niliyorudi niliacha baiskeli mbali, nikaenda kwa miguu nisionekane. Wimbo ulikuwa unasikika. Mstari ukatokea bwawani, Mama Nyangeta mbele. Walipokaribia jengo, mstari wote ukapinda, ukazunguka mbali kabisa, nyuma ya rundo la kokoto, mbali hata kuliko nilivyoomba, ukatokea upande wa pili. Hapakuwa na mtu chini ya jukwaa. Nilisimama mdomo wazi.

Fundi Masatu aliniona, akashuka, kifua mbele. "Umeona, Mafuru? Nimewakalipia wakanisikia. Ni sauti tu ndugu yangu. Sauti."

Nikatazama juu ya jukwaa. Kwenye kona, amegeukia ukuta, pua inakaribia kugusa mawe, alikuwa Magesa. Mwashi mmoja alikuwa ameshikwa na malaria, na Masatu, kwa kukosa mtu, akamtoa Magesa kwenye kuchanganya udongo na kumpandisha juu. Mama Nyangeta alikuja na mstari wake, akaiona miguu ya mkwe wake, akageuka papo hapo, na wenzake wakamfuata kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaongoza wimbo.

Nilicheka mpaka nikashika mrunda. Masatu aliudhika kidogo nilipomweleza, maana ilimnyang'anya sifa ya sauti yake, kisha naye akaanza. Tulimwita Magesa.

"Mzee, mimi huko juu nateseka," alisema. "Nikisikia tu wimbo wao nageukia ukuta kama mwizi. Nirudisheni kwenye udongo."

"Hurudi," Masatu alimwambia. "Wewe ndiyo kanuni yenyewe."

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukamweleza. Alicheka akakaa chini. Kisha akatusaidia kwa moyo mmoja, maana yeye ndiye aliyejua nani kaoa kwa nani. Mama fulani ana mkwe, yuko wapi? Analima. Aache jembe, apande jukwaani. Mama fulani? Mkwe wake anachunga. Ng'ombe wapewe mdogo wake. Ndani ya siku chache jukwaa la Masatu lilijaa wakwe watupu, wote wamegeukia ukuta, na kwa kuwa hawakuthubutu kutazama chini walijenga kwa bidii ya ajabu. Kuta zile mkienda kuziona leo bado zimenyooka.

Mtu mmoja tu alitushinda. Mama Robi alikuwa na binti mmoja, Robi, hajaolewa. Yeye mstari ukizunguka, aliuacha, akapita katikati ya jukwaa peke yake, kiuno kinacheza.

"Mimi sina mkwe," alikuwa anasema. "Napita."

Mafundi walicheka, isipokuwa mwashi mmoja kijana aliyeitwa Wambura, ambaye alikuwa anaugua kwa ajili ya Robi muda mrefu na hakuwa na ujasiri wa kusema. Wenzake wakamgeukia wote kwa pamoja. Sijui walimwambia nini huko juu. Ninachojua ni kwamba siku zile zile washenga walitumwa, wakapokelewa, na niliporudi tena nilimkuta Mama Robi anatokea nyuma ya rundo la kokoto, wa mwisho kwenye mstari, amekunja uso.

"Mkaguzi! Umeniozesha binti kwa sababu ya njia!"

Lakini alikuwa anajizuia kucheka, na Robi mwenyewe nilimwona akipepeta ulezi anaimba. Kwenye taarifa yangu niliandika kwamba wabeba maji wanaizingatia kanuni. Wakubwa wakanisifu na kuuliza nimetumia mbinu gani. Nikawajibu kwamba ni elimu kwa umma.

Ikafika siku ya kupandisha kenchi za paa, zile pembetatu za mbao za kubebea mabati. Nilikwenda makusudi, kwa sababu kenchi zikiwa zinavutwa juu kwa kamba kila mtu anajisahau. Usiku mvua ilikuwa imenyesha nzito. Asubuhi nilizunguka mafundo yote na Masatu, tukayakaza, mbao tukazikanyaga, nami nikamwambia apande yeye kwanza. Alipanda anaimba. Kisha wakapanda wote. Kenchi ya kwanza ikaanza kupaa, wa juu wanavuta, wa chini wanasukuma kwa miti kutoka pembeni. Mimi nilisimama kichwa nyuma, shingo inauma, natazama kenchi. Masatu anatazama kenchi. Kijiji kizima kilikuwa kinatazama kenchi.

Isipokuwa Mama Nyangeta. Yeye alikuwa anapita kule nyuma ya kokoto na mstari wake, na kwa kuwa mkwe wake alikuwa juu, hakuweza kuinua macho. Adabu ilimtaka atazame ardhi, naye alikuwa anatazama ardhi. Ndipo akauona mguu wa jukwaa kwenye kona ya Magesa. Jiwe lililokuwa chini yake lilikuwa limeteleza kwenye tope, na mrunda ulikuwa unazama, polepole, kila kamba ilipovutwa.

Alisimama. Akaitupa ndoo. Akainua uso wake, akamtazama mkwe wake machoni, akaita kwa sauti ambayo hata bwawani waliisikia.

"Magesa! Magesa, ruka! Mguu unazama!"

Kama angeitwa na mtu mwingine, Magesa aliniambia baadaye, angeuliza kuna nini, na pale pale angekwisha. Lakini jina lake kutoka kinywa kile hakuwahi kulisikia, na hakutarajia kulisikia mpaka kufa. Hakuuliza. Aliachia kamba akarukia ukutani, akaukumbatia kwa mikono na miguu. Wenzake walimfuata, mmoja baada ya mwingine, na kenchi ikashuka ikakwama juu ya linta. Kona ile ya jukwaa ikalala. Mirunda, mbao, makarai, mawe, vyote vikaanguka kwa kishindo kwenye ile njia ya mkato.

Vumbi na tope vilipotulia, tulitazama. Njia ilikuwa imefukiwa. Hapakuwa na mtu chini yake. Mstari wa akina mama ulikuwa umesimama salama nyuma ya kokoto, ndoo zao kichwani, na Mama Robi yumo. Juu ya ukuta, wakwe wa kijiji walikuwa wamekaa wamepanga mstari, hakuna hata aliyevunjika ukucha. Mimi nikakaa kwenye tope, nikalia, na nikawa nacheka hapohapo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile kazini, wala sikuipata tena.

Mama Nyangeta alikuwa bado amesimama, uso umeinuka, na Magesa juu ya ukuta anamtazama. Nadhani ndipo wote wawili walipojua wamefanya nini. Mama akavuta khanga akajifunika kichwa na uso, akageuka. Magesa akageukia upande wa pili, karibu aanguke tena. Baada ya hapo tu ndipo vigelegele vilipopigwa, na wimbo ulioanza pale ulikwenda mpaka jioni.

Wazee walikaa, maana heshima ikivunjika lazima irudishwe. Wakasema achinjwe mbuzi na inywewe pombe ya ulezi, ili mama na mkwe warudi kwenye stara yao. Wakamuuliza Mama Nyangeta kama anakiri kosa.

"Mbuzi nitatoa," alisema kutoka ndani ya khanga. "Kosa sikubali."

Wazee walitazamana, wakaona waanze kula. Masatu alikula kuliko wote, akisema yeye kama fundi mkuu ndiye aliyepatwa na mshtuko mkubwa zaidi.

Kwa kazi yetu, siku ile nilijifunza mawili. Chini ya kila mguu wa jukwaa wekeni ubao mpana, na mvua ikinyesha ukaguzi uanze chini kabla ya juu. Na kila kitu kizito kinapopandishwa, mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama chini tu, watu wote wakitazama juu. Ninyi kwenye makaratasi yenu mnamwita jina refu. Mimi katika majengo yote niliyokagua nilimwita Mama Nyangeta, na mafundi wa Mara nzima wakazoea, hata akiwa ni mwanamume mwenye ndevu.

Jukwaa lilijengwa upya, paa likapigwa, na wodi ikakamilika. Ufunguzi haukufanyika, kwa sababu gari la mgeni rasmi lilikwama kwenye matope huko njiani na mwenyewe akageuza. Nyangeta hakumsubiri. Nilipokwenda kwa ukaguzi wa mwisho, rangi ya madirisha ilikuwa bado inanata, na nilimkuta Magesa amesimama nje ya dirisha la wodi, kofia yake mkononi, anazungukazunguka.

"Amejifungua alfajiri," aliniambia. "Wazima wote. Ni wa kike. Ila mama yumo ndani, nami siwezi kuingia. Mkaguzi, wewe unaruhusiwa popote. Nitazamie."

Nilichungulia dirishani. Nyangeta alikuwa amelala usingizi. Mama Nyangeta alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na kitanda, mtoto mapajani, ametupa mgongo.

"Mama," nilisema, "baba wa mtoto yuko hapa dirishani."

Hakugeuka. Alinyanyuka, akavuta khanga ikamfunika kichwa vizuri, akaanza kuja kwetu kinyumenyume, anapapasa sakafu kwa kisigino, mpaka mgongo wake ukagusa nondo za dirisha. Kisha akamwinua mtoto, akamweka begani, amemshika shingo kwa mkono wote, uso wa mtoto ukiwa umetuelekea sisi. Mtoto alikuwa na nywele nyingi na amekunja ngumi. Magesa aliingiza kidole kati ya nondo, na ngumi ile ikakishika. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na kofia na mwingine umeshikwa.

"Anafanana na nani?" Mama Nyangeta aliuliza, akiuambia ukuta wa mbele yake.

Magesa hangeweza kumjibu, na ukuta haukujibu, kwa hiyo nikajibu mimi.

"Anafanana na bibi yake. Amekunja uso kama tumemwambia azunguke."

Alicheka kichinichini ndani ya khanga. Mabega yake tu yalianza kutikisika, na mtoto akawa anapanda na kushuka nayo, amekishika kidole cha baba yake.